Mguu Uliokufa Kidogo

Aliyesikia harufu ya kuungua hakuwa mimi. Alikuwa mteja wangu, mama mmoja muuza viazi aliyekuja kuchukua sketi yake ya kanisa. Alisimama mlangoni pa kibanda changu cha ushonaji pale Chaka, akanusa mara mbili, akasema, "Mama Nyambura, kuna kitu inaungua hapa ndani. Si hiyo nguo yangu, ati?"

Nikaruka kutazama pasi. Pasi ilikuwa imetulia juu ya tofali lake. Nikatazama sketi, nikatazama vitambaa kwenye rafu, vyote salama. Nilikuwa nimeanza kumtania kwamba njaa ndiyo inayomnusisha, alipoinama na kuonyesha chini ya cherehani. Raba yangu ya mguu wa kulia ilikuwa ikitoa moshi.

Ulikuwa mwezi wa Julai. Huko kwetu Kieni, Julai mlima hauonekani wiki nzima, na baridi inaingia kupitia mabati kana kwamba imealikwa. Mafundi wote wa Chaka tulikuwa na ujanja mmoja. Makaa ya pasi yakichoka hatukuyamwaga. Tuliyatia kwenye kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, tukaliweka kando ya kanyagio la cherehani, tukashona huku miguu inaota moto. Nilifundishwa hivyo na mama aliyenifundisha kushona, na mimi nikawafundisha wengine.

Tofauti yangu na wale wengine ni kwamba mimi nilikuwa na ugonjwa wa sukari. Niliambiwa hivyo kliniki mwaka uliotangulia, nikapewa vidonge na kuambiwa nipunguze chai ya sukari. Kuhusu miguu sikuambiwa lolote, na sikujua la kuuliza. Nilijua tu kwamba vidole vyangu vilikuwa vimeingiwa na ganzi tangu Pasaka, nami nikailaumu baridi. Kwa hiyo siku ile mguu uliegemea kopo la makaa nikiwa nashona kola ya shati, na kola ile ilitoka nzuri kweli.

Naandika haya kwa ajili ya wewe uliyeketi kwenye benchi la hospitali na soksi uliyoogopa kuivua. Mimi pia niliivaa soksi hiyo.

Nyumbani nilipaka mafuta ya kondoo, kama kila mtu apakavyo mahali palipoungua. Lengelenge likapasuka, likakauka, nikafurahi. Hakukuwa na maumivu hata kidogo, na hilo nililichukua kuwa habari njema. Lakini kufikia Agosti vidole vitatu vya nje vilikuwa vimebadilika rangi, kwanza kama zambarau iliyoiva, kisha vyeusi na vikavu. Umewahi kuona majani ya viazi asubuhi baada ya baridi kali kuyapiga? Hivyo ndivyo vilivyokuwa. Nikavaa soksi, na juu ya soksi nikavaa nyingine.

Mume wangu, Baba Nyambura, ni mwashi, na majira yale alikuwa akijenga Nanyuki, akija nyumbani Jumamosi. Kwa hiyo aliyeuona mguu wangu kwanza ni mama yake. Naye nieleze vizuri, kwa sababu simulizi hii ni yake kama ilivyo yangu.

Mama mkwe wangu aliitwa Nyambura. Kwa mila yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, kwa hiyo binti yangu naye ni Nyambura, na mimi nikawa Mama Nyambura. Yule mzee alipenda sana mzaha huo. Akija kwangu na maziwa alibisha hodi akisema, "Mama yangu yupo? Nimekuja kumwona aliyenizaa." Mimi nilimwita Maitu, yaani mama, na yeye akaniita Maitu vilevile, na mgeni akitusikia alikuwa hajui nani ni mkubwa kwa nani.

Asubuhi ile hakubisha. Alinikuta nimeketi kwenye kigoda, soksi mkononi. Alitazama mguu, akaweka chupa ya maziwa chini pale kwenye kizingiti, akarudi nyuma hatua moja. Alisema polepole, kwa Kikuyu chake cha zamani, "Hiyo imekufa."

"Imeungua tu, Maitu. Itapona."

"Nimeona vitu vilivyokufa. Hiyo imekufa."

Akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuvuka tena kizingiti changu. Maziwa aliyaacha nje, na watoto wangu aliwaita wale kwake. Chai yangu hakuinywa. Nililia sana, nakuambia kweli, zaidi ya nilivyoulilia mguu.

Baadaye nilielewa. Maitu alikuwa msichana zamani, wakati mgonjwa aliyekaribia kukata roho alitolewa nje ya boma afie huko, na aliyegusa maiti hakugusa chakula wala mtoto mpaka atakaswe. Alikuwa amebatizwa tangu ujana na kanisani aliimba kutushinda sote, lakini ubatizo ulimpata kichwani, na woga ule ulikuwa umeingia tumboni mapema zaidi. Sasa ndani ya nyumba ya mwanawe kulikuwa na mtu anayetembea, anayepika, anayecheka, na ambaye kipande chake ni maiti. Hakuwa na mila ya kumwambia afanyeje.

Jumamosi Baba Nyambura alipofika, mama yake alimngojea njiani. Jumatatu tulikuwa Nyeri mjini, hospitalini, kwenye benchi refu la mbao lililolainishwa na makalio ya watu. Benchi la hospitali lina sheria zake. Unasogea kadiri mtu wa mbele anavyoingia, kwa hiyo unajua joto la kila aliyekutangulia. Mama wa kando yangu alinipa nusu ya kiazi kitamu bila kuuliza naumwa na nini, na mpaka leo namwombea.

Daktari alikuwa kijana, mtu wa mbali na kwetu, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alifungua bendeji aliyofunga mume wangu, akabonyeza hapa na pale, akaniuliza kama nahisi. Sikuhisi. Akamwambia nesi neno moja la Kiingereza, kisha akanigeukia: "Mama, vidole hivi vitatu vimekufa. Haviwezi kurudi. Sasa tunataka kuokoa mguu."

Nilipolia alidhani nalilia vidole. Nililia kwa kuwa Maitu alikuwa amesema kweli.

Nesi yule ndiye aliyekuwa wa wodi yetu, tulimwita Sista Muthoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya baridi na maneno ya moto. Aliponilaza kitandani nilimuuliza lile neno la daktari lilikuwa gani. "Nekrosisi," akasema. "Ni neno ya kazi tu. Maana yake ati nyama imekufa na mwenyewe bado yuko. Usiogope, Mama. Hapa sisi tunasema kufa kutoka asubuhi mpaka jioni."

Na kweli walisema. Nililisikia neno hilo kila walipozunguka na toroli la dawa. Toa hiyo iliyokufa. Hapa pamekufa, hapa bado. Iliyokufa haina haja ya sindano ya ganzi. Walilitamka kama mimi ninavyotamka pindo na mshono, na mwanzoni nilijikunja kila mara. Nyumbani kwetu kufa ni kwa mtu kamili, kote kwa mara moja, na watu wanakuja na kuketi. Hapa kulikuwa kwa kipande cha ukubwa wa kifungo, na anayekitamka anatafuna mkate.

Kwenye kitanda cha pili alilala Mama Halima wa Nanyuki, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe, mguu wake wa kushoto umekwisha kukatwa chini ya goti. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, nami nilikuwa namchokoza aongee nipate kumsikiliza. "Sisi twaliita donda ndugu, mwanangu," aliniambia. "Likikupenda halikuachi. Lakini wewe lako ni kavu, na kavu lina adabu. Langu lilikuwa la maji. Mimi nilichelewa, nikisema kesho, kesho."

Siku ya pili daktari alikuja na ile dawa ya rangi ya zambarau na kijiti chenye pamba. Akachora mstari juu ya mguu wangu, kuvuka chini ya vidole, pale weusi ulipokoma. Nilimtazama kwa jicho la ufundi, na niseme mstari wake haukunyooka. Akaeleza kwamba tutangoja. Mwili wenyewe utaonyesha mpaka wa kilichokufa na kilicho hai. Weusi ukisimama hapo, atatoa vidole peke yake. Ukivuka mstari na kupanda, atakata kama alivyomkatia Mama Halima.

"Sasa daktari, kazi yake ni ya cherehani," Baba Nyambura akasema. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. "Hiyo mguu ndiyo inakanyaga."

"Ndiyo maana tunangoja, Mzee," daktari akasema, ingawa mume wangu hakuwa mzee wakati ule.

Kungoja kwangu kulikuwa kwa mstari ule. Sindano ya sukari asubuhi, bendeji ikifunguliwa, wote tunainama. Rangi ilififia kila ilipooshwa, naye Sista Muthoni aliichora upya, ulimi nje kidogo kama mtoto wa shule. Mwili nao ulikuwa unabadilika. Nilikonda hadi pete ikawa inaingia na kutoka yenyewe, nikaifunga kwenye kona ya leso. Mguu ule haukuwa wangu tena, niliutazama kama mzigo ulioachwa na abiria. Lakini juu ya mstari, ngozi ilikuwa na joto. Nilikuwa naweka kiganja pale kila niamkapo.

Mvua za Oktoba zilianza. Alasiri moja Mama Halima, ambaye kitanda chake kilikuwa dirishani, akasema, "Mwanangu, kuna bibi pale kwenye seng'enge na kiondo. Juzi alikuwapo. Leo yupo tena, amejifunika gunia kichwani."

Nilijikokota hadi dirishani kwa magongo. Alikuwa Maitu. Alikuwa amesimama nje ya ua wa hospitali, kwenye matope, uso ameuelekeza kwenye majengo bila kujua mimi ni dirisha gani. Nikapunga mkono. Hakuniona.

Baba Nyambura alipokuja siku ya kutembelea wagonjwa, mkononi ana uji kwenye chupa ya chai, nilimuuliza. Akajikuna shingo. "Tunakuja na yeye. Hataki kuingia. Huu uji ni yeye anapika. Mimi nikitoka anauliza kitu moja tu, ati ile nyeusi imevuka laini?"

"Na unamwambiaje?"

"Namwambia haijavuka. Anasema haya, twende nyumbani."

Nilikunywa uji ule wote. Ulikuwa wa wimbi, umechachushwa vizuri, bila sukari hata kidogo. Mtu alikuwa amemwambia kuhusu sukari, naye alikuwa ameshika.

Weusi haukuvuka. Mwisho wa mvua vidole vilikuwa vimejitenga vyenyewe, mpaka wake umechimbika kama mfereji mdogo, na daktari akasema wakati umefika. Walivitoa asubuhi. Nilipoamka Sista Muthoni alikuwa ameniinamia na uso wote unacheka. "Imetoka damu, Mama. Damu nyekundu, safi. Ile hai hutoka damu." Sijawahi kuona mtu akifurahia damu namna ile. Alimuuliza mume wangu kama tunataka kuvichukua vile vidole. Baba Nyambura alitazama sakafu, akasema ni heri vibaki huko huko Nyeri.

Lakini haikuwa imekwisha, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Daktari aliniruhusu mapema Desemba kwa sharti moja. Kidonda kioshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kitazamwe, kifungwe. Kingo zikianza kuwa nyeusi tena, nirudi bila kungoja, na safari hiyo ni goti. "Nani ataosha?" akauliza. "Wewe hutaona vizuri upande wa chini, na mguu wako haujui maji ya moto." Baba Nyambura akasema, mimi.

Maskini mume wangu. Ni mtu anayebeba mawe ya kuchonga mabegani, lakini alipofungua bendeji siku ya kwanza alibadilika rangi, akatoka nje, nikamsikia akitapika nyuma ya nyumba. Siku ya pili alijikaza, akaosha huku amefumba macho. Siku ya tatu ilibidi arudi Nanyuki kazini. Tulikubaliana nitajaribu mwenyewe kwa kioo cha mkononi.

Asubuhi ile nilikuwa nimeketi kwenye kigoda kilekile, beseni mbele yangu, kioo kimeanguka mara mbili. Mlango ulikuwa wazi na jua la Desemba limeingia mpaka katikati ya nyumba. Nikaona kivuli kikisimama kizingitini. Maitu alikuwa na chupa ya maziwa. Hakuiweka chini.

"Iliyokufa iko wapi?" akauliza.

"Ilibaki Nyeri, Maitu. Walichoma."

"Yote?"

"Yote."

"Na hiyo iliyobaki nani amesema ni hai?"

Sikuwa na maneno ya daktari. Nikachukua pamba na kuibonyeza kwenye ukingo wa kidonda, kama Sista Muthoni alivyokuwa akifanya, nikamwonyesha. Ilikuwa na tone la damu.

Alilitazama lile tone muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikienda, sijui kama ni sala au ni jambo lingine la zamani zaidi. Kisha akavuka. Aliweka maziwa mezani, akafunga leso kiunoni, akapiga magoti na kutia kiwiko chake ndani ya beseni.

"Yanachoma," akasema. "Ungejiunguza tena."

Akaongeza maji baridi, akapima tena kwa kiwiko, na alipotosheka akaushika mguu wangu kwa mikono miwili na kuutia majini. Sikuhisi vidole vyake chini ya unyayo, kwa kuwa pale ganzi haijaondoka hata leo. Lakini kwenye kifundo nilivihisi, vikavu, vyenye sugu za jembe, na nikalia wala sikujificha.

"Nyamaza, Maitu," akaniambia. "Mtoto anamwosha mama yake. Kuna ubaya gani?"

Aliniosha kila asubuhi tangu siku ile. Alinisimulia habari za viazi vyake, vilivyopigwa na baridi vikachipua tena chini, na habari za mwinjilisti aliyekuwa akiimba puani. Akimaliza alinawa mikono kwa sabuni, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mwanzoni alikuwa hali chochote mpaka adhuhuri. Nilijua sababu, sikumwuliza. Siku moja kabla ya Krismasi alimaliza kuosha, akafuta mikono, akasema, "Chai iko wapi?" Nikamimina. Akanywa.

Shule zilipofungua, nilikuwa kwenye cherehani nikishona yunifomu. Nilikanyaga kwa kisigino na vidole viwili vilivyobaki, kiatu kimejazwa sufi, mshono ukienda mrama na kurudi. Maitu alikuja sokoni akaketi kibandani kwangu kutwa nzima, akidai amechoka na jua. Jua halikuwako. Alikuwa akilinda nisisogeze kopo la makaa, na mafundi wengine wakipita na makopo yao aliwauliza kwa ukali kama miguu yao inasikia. Chaka nzima ikaacha ule mtindo kwa sababu ya ulimi wa yule mzee.

Kwa hiyo, wewe wa benchi, vua soksi. Mtu wa sukari asiuamini mguu usiouma. Utazame kila siku, na maji uyapime kwa kiwiko au umwite anayesikia. Na ukisikia wakisema pamekufa, uliza ni wapi panapoishia, kwa sababu huko kwingine bado ni kwako.

Maitu alituacha miaka kadhaa baadaye, mzee sana, asubuhi ya Julai. Tulipokwenda mochari, wahudumu walituambia wao huosha na sisi tulete nguo tu. Wake za wanawe wengine walibaki nje kwenye ukuta, na siwalaumu. Mimi nikaomba beseni. Baba Nyambura aliniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika, nikamwambia mtoto anamwosha mama yake.

Nilianza na miguu. Mhudumu alinisogezea ndoo ya maji ya mfereji, nikamwomba maji ya moto kidogo ya kuchanganya. Alinitazama kwa mshangao lakini akaleta. Nikayachanganya, nikatia kiwiko changu ndani, nikangoja mpaka yakawa sawa.